Alubosa ya Bodija

Mwenyekiti, walimu wangu, ndugu zangu mliokaa mbele, na ninyi mliochagua viti vya karibu na mlango ili mtoroke mapema: wakubwa shikamooni, vijana hamjambo.

Niliambiwa niseme juu ya lugha na fahari ya kabila. Najua mlitegemea nizungumze ya kwetu. Leo nitawapeleka Nigeria, kwa kuwa nilikaa Ibadan miaka miwili nikifundisha Kiswahili, na huko ndiko yalikobomoka mengi niliyokuwa nikiyaamini kuhusu lugha safi na lugha chafu.

Tuanzie sokoni. Bodija ni soko kubwa la vyakula pale Ibadan. Wiki yangu ya pili nilikwenda kununua kitunguu, na kwa kuwa sikujua kukiita nilinyoosha kidole. Mama muuzaji akanisahihisha kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto kuongea: "Àlùbọ́sà." Nikarudia. Akafurahi, akasema sasa naanza kusema Kiyoruba. Kando yake alikuwepo kijana wa Kihausa aliyefika na magunia kutoka kaskazini, ambako vitunguu hulimwa kwa wingi. Akacheka: "Albasa!" Kwake yeye neno ni la Kihausa, na Wayoruba walilipokea pamoja na gunia. Wakaanza kutaniana, kila mmoja akivutia kwake. Mimi, kwa Kiarabu changu kidogo cha chuo cha Kurani, nilijua kwamba hilo ni *al-basal*, limevuka jangwa la Sahara na wafanyabiashara. Sikusema kitu, nilitaka nipunguziwe bei. Ila nilicheka peke yangu njia nzima: mimi Mswahili, ninayesimangwa kila siku kwamba lugha yangu ni Kiarabu kilichojifunga kanga, ndiye pekee pale niliyekuwa na kitunguu kisicho cha Mwarabu.

Darasani nako yakawa hayohayo. Siku ya kufundisha kuhesabu niliandika ubaoni moja, mbili, tatu. Nilipofika tatu, binti mmoja wa Kiigbo akainua kichwa: "Mwalimu, sisi tunasema *atọ*." Mwenzake wa Calabar akasema kwa Kiefik ni *ita*. Wayoruba, ambao hawakubali kupitwa, wakapaza sauti: *ẹ̀ta*! Nikaandika nyama. Kiigbo, *anụ*. Kiefik, *unam*. Kijana wa Kitiv kutoka Benue akasema kwao ni *inyam*, akabaki ananitazama kama mtu aliyekutana na ndugu yake wa baba mwingine kwenye kituo cha basi. Wala hakukosea. Wanaisimu wanakubaliana kwamba lugha za Kibantu zilianza safari yake zote maeneo ya mpaka wa Nigeria na Kameruni, maelfu ya miaka iliyopita. Sisi tulihama. Wativ wamebaki jirani na shina.

Mhausa alikuwa mmoja tu. Kihausa si cha ukoo huo, ni jamaa wa mbali wa Kiarabu na Kiamhari, na tatu kwao ni *uku*. Akanyamaza kipindi kizima. Wiki iliyofuata tukaingia kwenye maamkizi, zamu ikawa yake. Habari, kwao *labari*. Afya, *lafiya*. Dunia, *duniya*. Akili, *hankali*. Alhamisi, *Alhamis*. Wenzake wanapekua daftari, yeye ameegemea kiti. Mwisho wa muhula kila mmoja alitoka akiamini kwamba Kiswahili ni ndugu wa kabila lake, si la jirani yake. Sikuwasahihisha, maana kila mmoja alikuwa na ushahidi wake mkononi.

Nigeria ina lugha zaidi ya 500. Ukiwauliza wenyewe ni nini kinatishia lugha zao, wengi watakutajia maneno ya kuja: ya Kiingereza, ya Kihausa, ya Kipijini (Kiingereza cha mitaani kilichochanganyika na lugha za huko), ya kabila la ng'ambo ya mto. Mimi siamini. Nilichokiona ni kwamba neno la jirani halijamdhuru mtu. Waliotenganishwa kuwa wakubwa na wadogo wametenganishwa na kalamu: nani aliandikwa mapema, kwa herufi za nani, na nani alikaa mezani siku jina lilipochaguliwa.

Chukueni hilo jina Yoruba lenyewe. Mwaka 1821 kijana mmoja alitekwa katika mji wa Osogun, akauzwa mkono hadi mkono, akapakiwa kwenye meli ya Wareno ya watumwa. Manowari ya Waingereza ikaikamata meli hiyo 1822, akashushwa Freetown, Sierra Leone. Huyo ndiye Samuel Ajayi Crowther, ambaye 1864 aliwekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa Kanisa la Anglikana. Kule Freetown watu wa kwao waliitwa Aku, kwa sababu salamu zao nyingi huanza na "ẹ kú". Nalipenda sana jambo hilo, watu kuitwa kwa salamu yao. Mpaka leo nchi ya Wayoruba ina jina la kishairi linalotokana na salamu ya asubuhi, *káàárọ̀ oò jíire*: umeamkaje, umeamka salama?

Lakini Yoruba? Hilo ni jina lililotumiwa na Wahausa na wanazuoni wa Kiislamu wa kaskazini, na liliwahusu watu wa dola ya Oyo. Wengine, ambao leo nao ni Wayoruba, walikuwa na majina yao: Mwegba alikuwa Mwegba. Mwijebu alikuwa Mwijebu na hakupenda kuchanganywa na mtu. Crowther alipochapisha kamusi yake 1843, kisha yeye na wamisionari wenzake wakaingia kwenye kazi ya kutafsiri Biblia, walihitaji lugha moja ya maandishi na jina moja la kuiita. Jina wakachukua lile la jirani. Lahaja, kwa kiasi kikubwa, ikawa ya Oyo. Mwaka 1859 gazeti la lugha hiyo likaanza kutoka Abeokuta, mji wa Waegba, na ndani ya vizazi viwili vitatu watu waliokuwa wakipigana vita wao kwa wao wakawa na jina la pamoja ambalo leo wako tayari kulipigania.

Na maneno ya ibada waliyatoa wapi? Sala ikawa *àdúrà*, ambayo ni dua. Mahubiri yakawa *wàásù*, ndugu wa mawaidha yetu. Kuhani akawa *àlùfáà*, jina ambalo Wayoruba walimwitia sheikh. Jumapili moja nilialikwa kanisani, nikakaa benchi la nyuma nikisikiliza mahubiri. Kila baada ya dakika chache neno la chuoni linapita, na waumini wanaitikia amina. Hakuna aliyeona ajabu. Kiyoruba kimeyameza maneno hayo, kimeyavalisha toni zake, basi ni mali yake.

Kaskazini kuna kisa ambacho kingemchanganya mtu yeyote anayedhani mshindi ndiye huleta lugha. Mwaka 1804 Usman dan Fodio, mwanazuoni wa Kifulani, alianzisha jihadi iliyoangusha wafalme wa Kihausa na kuzaa dola ya Sokoto. Wafulani wakakalia viti vya Kano, Katsina na Zaria. Upanga ulikuwa wao, utawala wao, elimu yao. Lakini waliishi mijini kwa Wahausa, wakaoa huko, wakaamua kesi za huko. Baada ya muda watoto wa ikulu wakawa wanaota kwa Kihausa. Kifulani kikabaki imara kwa wafugaji na upande wa Adamawa. Halafu nendeni Ilorin: ukoo wa emir unatokana na mwanazuoni wa Kifulani, Alimi, na lugha ya mji ni Kiyoruba. Wafulani walewale! Kano wamekuwa Wahausa kwa ulimi, Ilorin wamekuwa Wayoruba kwa ulimi, na ukiwaambia kwamba si Wafulani utajuta.

Binti wa dan Fodio, Nana Asma'u, aliyeishi 1793 hadi 1864, alitunga mashairi kwa Kiarabu, Kifulani na Kihausa. Kwa wanawake wa vijijini alichagua Kihausa. Aliandaa walimu wa kike waliosafiri na tungo hizo vichwani na kuzifundisha kwa kuimba. Maandishi yake ya Kihausa yalikuwa kwa herufi za Kiarabu, wanaita *ajami*, na nadhani hapa hatuhitaji kufafanuliana sana: miaka hiyohiyo huku pwani kina mama wa Pate na Lamu walikuwa wanatunga tenzi kwa herufi hizohizo.

Ajami iliwahi kuzua ugomvi ambao bado unanishangaza. Noti za naira zilikuwa zimeandikwa thamani yake kwa ajami, kwa ajili ya wafanyabiashara wa kaskazini waliokuwa wanaisoma hiyo na hawasomi nyingine. Watu wengi wa kusini walitazama wakaona Kiarabu, na Kiarabu wakakisoma kama dini. Noti ndogo mpya zilizotoka 2007 ziliandikwa Kihausa kwa herufi za Kilatini, pamoja na Kiigbo na Kiyoruba. Kwa noti kubwa mambo yalifika hadi mahakamani. Hapo yameandikwa tu "naira mia mbili", kwa Kihausa, na watu wanaona msikiti.

Sasa niwapeleke kusini mashariki, Calabar, kwa sababu watu husimulia habari za Wahausa, Wayoruba na Waigbo wakadhani wameimaliza Nigeria. Wamisionari wa misheni ya Scotland walitua Calabar mwaka 1846. Wenyeji wa bandari walikuwa Waefik, watu wachache, hodari wa biashara. Kufikia 1868 Biblia nzima ilikuwa imetafsiriwa kwa Kiefik. Bara yake walikuwepo Waibibio na Waannang, wengi kuliko Waefik kwa mbali, wenye lugha zinazoelewana na Kiefik kwa sehemu kubwa. Kitabu kilipowafikia kilikuwa cha Kiefik. Shule, Kiefik. Nyimbo za kanisani, Kiefik. Mzee mmoja wa Kiibibio, mstaafu wa reli, aliniambia: "Nimeungama dhambi zangu kwa Kiefik miaka arobaini. Sijui kama Mungu alitambua kwamba ni zangu." Alikuwa anacheka, lakini si kicheko cha furaha. Jimbo la Akwa Ibom lilipoundwa 1987 likatenganishwa na Calabar, na Kiibibio kikapata nafasi ya kujiandikia vitabu vyake.

Hapo ndipo nilipouona uchungu wenyewe. Waibibio hawakulalamikia maneno ya Kiefik midomoni mwao. Maneno yanafanana tangu zamani. Walilalamika kwamba waliambiwa lugha ya jirani ndiyo lugha, na yao ni matamshi ya shamba.

Port Harcourt mambo ni magumu zaidi, nami nitayapita kwa tahadhari kwa sababu najua watu wa huko hunisikiliza. Wanaisimu wanaiweka lugha ya Waikwerre, wenyeji wa huko, katika kundi moja na Kiigbo. Baada ya vita vya Biafra, vya Waigbo kutaka kujitenga, 1967 hadi 1970, Waikwerre wengi wamesisitiza kwamba wao si Waigbo, ni watu mbali. Mji umejaa majina yanayoanza na Rumu: Rumuola, Rumuokoro. Waigbo watakuambia hiyo ni Umu yao, yaani watoto wa fulani, iliyobandikwa R baada ya vita. Waikwerre watakuambia R ilikuwepo siku zote, walioiondoa ni wengine. Nimeona mabishano ya herufi moja yakiharibu chakula cha mchana kizuri kabisa.

Watu wa lugha ndogo waliliona hili mapema kuliko wote. Mwaka 1961, mwaka mmoja tu baada ya uhuru, bunge lilijadili hoja ya kuzikuza Kihausa, Kiyoruba na Kiigbo. Anthony Enahoro, Mwesan, yuleyule aliyetoa hoja ya kudai kujitawala 1953, alisimama kuipinga. Aliona kwamba kuondoa Kiingereza ili kuweka lugha tatu ni kuwabadilishia wachache bwana. Hata hivyo lugha hizo tatu ziliingia katika katiba ya 1979 na zimo katika ya 1999, kifungu cha 55: shughuli za Bunge zitaendeshwa kwa Kiingereza, na kwa Kihausa, Kiigbo na Kiyoruba pale mipango ya kutosha itakapokuwa imefanywa. Mipango hiyo inaendelea kusubiriwa. Na wananchi wametunga neno la utani, *wazobia*: *wá* ni njoo kwa Kiyoruba, *zo* ni njoo kwa Kihausa, *bịa* ni njoo kwa Kiigbo. Njoo, njoo, njoo. Mtiv wangu aliwahi kuuliza darasani, sisi tutaitwa lini?

Kwa Waigbo kalamu ilileta mkosi wa aina nyingine. Biblia yao ya 1913 iliandikwa kwa Kiigbo cha Muungano, yaani mchanganyiko wa lahaja ambao hakuna mama aliyewahi kumbembelezea mtoto. Chinua Achebe aliusema vibaya hadharani mpaka uzeeni. Juu ya hapo, kwa miaka ipatayo thelathini waligombana kuhusu tahajia, kanisa hili na herufi zake, kanisa lile na zake, hadi kamati ya Onwu ilipotoa suluhu 1961. Wakati huo wote Kiingereza kilikuwa kinasonga mbele bila kugombana na mtu. Hata filamu: ile ya 1992 inayohesabiwa kuwa ndiyo iliyoamsha Nollywood ilichezwa kwa Kiigbo. Ikauzwa vizuri mno. Watayarishaji wa Kiigbo wakapiga hesabu, wakaona kwa Kiingereza watauza nchi nzima, wakahama. Wayoruba wakaendelea na filamu za Kiyoruba, na Kano ikajenga yake ya Kihausa. Kwa miaka mingi Waigbo wamekuwa wakitishana kwa uvumi kwamba UNESCO imetabiri Kiigbo kufa ifikapo 2025. Mwaka huo umekuja na kupita, na Onitsha sokoni bado watu wanatukanana kwa Kiigbo fasaha. Lakini uvumi haushiki mahali pasipo na hofu.

Kuhusu Kipijini nitasema kidogo, kwa sababu ndicho kilichonilisha wiki za mwanzo. *Sabi*, kujua, na *pikin*, mtoto, ni Kireno. *Una*, ninyi, ni Kiigbo. *Oga*, bosi, ni Kiyoruba, na *abi* vilevile. *Wahala*, yaani tabu, imeshuka kutoka kaskazini. Shuleni watoto wamechapwa kwa sababu yake, na mwaka 2017 BBC ikaifungulia idhaa. BBC Kihausa, kama hamkujua, ilianza 1957, mwaka mmoja na Idhaa ya Kiswahili.

Nimalizie shuleni, na nyumbani.

Mwaka 1970 Babs Fafunwa na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ife walianzisha jaribio: watoto wasome miaka yote sita ya msingi kwa Kiyoruba, hesabu kwa Kiyoruba, sayansi kwa Kiyoruba, na Kiingereza kifundishwe kama somo na mwalimu anayekijua kweli. Wale watoto hawakuachwa nyuma. Walifanya vizuri, pamoja na hicho Kiingereza. Fafunwa baadaye akawa waziri wa elimu. Ikachukua hadi Novemba 2022 kwa serikali ya shirikisho kuidhinisha sera ya kutumia lugha ya mama kwa miaka sita ya msingi. Miaka mitatu baadaye, Novemba 2025, ikaifuta, ikirudisha Kiingereza kwa sababu ya matokeo mabaya ya mitihani. Wengine hapa mtasema sera ilifutwa kabla haijatekelezwa, na mimi nitakubaliana nanyi. Huwezi kuipa hukumu dawa ambayo mgonjwa hakuinywa.

Lakini nilikaa kwenye nyumba ya mama mmoja wa Kiijebu, mwalimu mstaafu, na mjukuu wake wa miaka saba alikuwa anaishi ghorofa ya juu na wazazi wake. Mtoto yule akisalimiwa na bibi yake kwa Kiyoruba, anajibu kwa Kiingereza. Si serikali iliyomzuia. Wazazi wake, wote wawili Wayoruba, wenye picha za Ife, mji wa asili wa Wayoruba, ukutani na mavazi ya *aṣọ òkè* kila harusi, walikuwa wameamua nyumbani ni Kiingereza tu, asije akachanganyikiwa. Bibi aliniuliza mimi mgeni: "Wewe unahangaika na toni zetu za nini, na mwenye nazo hazitaki?" Nilikuwa nimetoka kuchanganya *ọkọ*, mume, na *ọkọ̀*, gari, mbele ya wageni wake, nikimwambia kwamba mume wangu ameharibika breki.

Habari za kufutwa sera zilipotoka nilimpigia simu. Nilitegemea nimkute amekasirika. Akasema waziri akae na shule zake, jikoni kwake hakuna waziri: siku hizi mjukuu akishuka kutaka *àkàrà*, bajia za kunde, haipati mpaka aiombe kwa Kiyoruba. Akampa simu. Mtoto akaniamkia kwa Kiyoruba, vibaya vibaya, toni zote juu chini. Nami nikamjibu vibaya zaidi, na nyuma yake nikamsikia bibi akitusahihisha wote wawili.